Uchambuzi wa kisa: "Stardust" mbili na hatua za mzee mwenye mkongojo

Bibi harusi alikuja na wimbo mmoja moyoni, "Stardust". Bwana harusi alikuja na karatasi yenye nyimbo 32. Kazi niliyopewa ilikuwa kupanga muziki wa kufunga ndoa peke yake, tangu mgeni wa kwanza anapoketi hadi wawili hao wanapotoka wakiwa mume na mke. Muziki wa chakula na wa kucheza baadaye ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndani yake nilikutana na karibu kila kigingi kinachowapata watu wanaotaka jazi ya kale kwa saa hiyo, na kimoja ambacho sikuwa nimewahi kukiona.

Hafla ilikuwa bustanini. Wageni wapatao 90, viti pande mbili, njia ya nyasi katikati. Njia hiyo niliipima kwa miguu yangu mwenyewe: hatua 44 kutoka langoni hadi mbele. Fundi mitambo alikuwa na spika mbili na meza ndogo ya kuchanganyia sauti. Wazo la kuleta bendi ya watu watatu lilizungumzwa kikao cha kwanza na likafa hapo hapo. Walichokipenda hawa wawili ni rekodi zenyewe: pumzi ya Ella Fitzgerald kabla ya neno, mkwaruzo wa koo la Louis Armstrong, tarumbeta za bendi kubwa zinapoingia zote kwa mpigo. Bendi nzuri ingewapigia nyimbo hizo vizuri tu, ila sauti hizo hazikai kwa mtu mwingine.

Baba wa bibi harusi ndiye angemsindikiza binti yake. Ana goti bovu na anatembelea mkongojo. Jambo hilo walinitajia mwishoni mwa kikao, kwa sauti ya kuomba radhi, nami nikaliandika juu kabisa ya ukurasa. Muziki wa kuingia hupimwa kwa yule anayetembea polepole kuliko wote.

Ukale unaishia wapi

Bwana harusi alikuwa na mpaka wake: isizidi 1945. Kwake jazi ya kale ni swing, enzi za Duke Ellington, Benny Goodman, Count Basie na Glenn Miller, watu wakicheza mbele ya bendi ya watu kumi na tano. Bibi harusi naye alikuwa na santuri aliyoiacha marehemu babu yake, ya mwimbaji Nat King Cole, ya mwaka 1957, na humo ndimo ilimo "Stardust" yake. Walibishana kwa upole, lakini walibishana.

Msimamo wangu, ambao niliwaambia siku ile ile, ni kwamba mwaka haufai kuwa uzio. Mgeni aliyeketi bustanini hasomi mwaka, anasikia sauti ya rekodi. Kabla ya 1925 wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa, na mtikisiko wa hewa wenyewe ndio uliochonga mfereji kwenye nta. Maikrofoni zilipoingia mwaka huo, besi na sauti ndogo ndogo zikaanza kusikika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 zikaja tepu na santuri za muda mrefu, na kufikia 1958 santuri za stirio zilikuwa madukani. Hivyo ukipiga Armstrong wa 1928 na mara moja ukafuatisha fidla za 1957, msikilizaji anahisi amehamishwa chumba. Anageuza shingo kutazama spika, akidhani kuna kitu kimeharibika.

Tukakubaliana hivi: hatutapita 1957, na rekodi zitapangwa kwa jinsi zinavyosikika, zile zenye vumbi mwanzoni wakati watu wanaongea na kutafuta viti, zile safi zaidi kadiri bustani inavyotulia. Bwana harusi aliachia mpaka wake bila shida nilipomkumbusha kwamba rekodi za Ella na Louis wakiimba pamoja, ambazo alizipigia mstari mara mbili kwenye karatasi yake, ni za 1956 na 1957.

Mzee anyanyua mguu

Sasa "Stardust". Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi, na nisingependa kupapita haraka.

Bibi harusi aliniimbia kwa kuguna, mezani, macho ameyafumba. Nilimfuatilia kichwani mwangu, kwa kuwa rekodi ile naijua. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza akaruka maneno kadhaa, akaendelea mbele kana kwamba hakuna kilichopungua. Nikadhani amesahau. Siku mbili baadaye nilikwenda kuisikiliza santuri yenyewe kwao, na sindano ikaruka mahali pale pale. Ina mkwaruzo, mstari mweupe mwembamba wa urefu wa ukucha. Ndugu zake wawili waliokuwa sebuleni nao waliguna wakiufuata wimbo, na wote watatu wakaruka pamoja na sindano, hakuna aliyejikwaa. Familia nzima ilikuwa imeujifunza wimbo pamoja na pengo lake.

Alitaka santuri hiyo ipigwe bustanini kutoka kwenye mashine ya nyumbani. Nilikataa, na bado naona nilifanya sawa. Sindano inatikisika kwa kila anayekanyaga karibu na meza, na upepo ukipiga mkono wake basi hata rekodi nzima huruka. Tukaamua kutumia nakala safi ya kidijitali ya rekodi ile ile.

Kisha tukafanya mazoezi na baba yake. Nat King Cole aliiimba "Stardust" pamoja na ubeti wake wa utangulizi, ule ambao waimbaji wengi huuacha. Nyimbo nyingi za zama zile ziliandikwa kwa mtindo huo: kwanza ubeti unaomtoa msikilizaji kwenye maongezi na kumwingiza kwenye wimbo, halafu ndipo lije lile umbo ambalo kila mtu analijua. Ubeti huwa hauna mapigo ya kufuata. Mwimbaji anavuta anapotaka, anasubiri anapotaka, na fidla zilizopangwa na Gordon Jenkins zinamsubiri yeye. Kwa sikio ni uzuri mtupu. Kwa mtu anayetembea ni shimo.

Mzee alisimama langoni, binti yake kamshika mkono wa kushoto, mkongojo uko kulia. Muziki ukaanza. Akanyanyua mguu, akausimamisha hewani kidogo akisubiri pigo la kuukanyagia, na pigo halikuja. Akaushusha. Akajaribu tena, safari hii akatangulia mapema, binti akabaki nyuma nusu hatua, mkongojo ukazama kwenye nyasi. Walifika katikati ya njia wakiwa kila mmoja anaangalia miguu ya mwenzake. Mzee akasimama na kusema, "Mwanangu, nitakuaibisha." Binti akamwambia hapana baba, lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

Nikazima muziki. Nilimwambia mzee ukweli: kosa si la goti lake, hata mcheza dansi angeshindwa kutembea juu ya ubeti ule. Sidhani aliniamini wakati ule.

Kulikuwa na la pili, nalo nililichelewesha hadi jioni. Nilimuuliza bibi harusi kama anayajua maneno ya wimbo. Akajibu, "Kaka, nimeusikia tangu nikiwa mtoto. Kuusikiliza, sijawahi." Tukayasoma pamoja, taratibu. Ni mtu aliye peke yake usiku, anayekumbuka penzi lililokwisha pita, na kilichobaki mkononi mwake ni wimbo tu. Akanyamaza. "Kwa hiyo natembea kwenda kuolewa na wimbo wa mtu aliyeachwa?"

Nilimjibu nilivyoamini: ni wimbo wa kukumbuka zaidi kuliko wa kuachwa, na huko si sawa na huko. Hata hivyo sikutaka kumlazimishia tafsiri yangu kwa siku yake.

Wimbo ule ule, miguu mingine

Hoagy Carmichael aliurekodi "Stardust" kwa mara ya kwanza 1927, kule Richmond, Indiana, bila maneno na kwa mwendo wa kuchangamka. Maneno aliyaandika Mitchell Parish, yakatoka 1929. Isham Jones na bendi yake waliushusha mwendo 1930, na tangu hapo watu wengi wanaujua kama wimbo wa polepole. Armstrong akaurekodi 1931 kwa uhuru mkubwa, akiikusanya melodia yote kwenye noti chache, na anayeusikia humo kwa mara ya kwanza anaweza asiutambue. Nilimpa bibi harusi rekodi hizo zote azisikilize kwa siku tatu, pamoja na ya nne: Artie Shaw na bendi yake, 1940.

Hiyo ya nne haina mwimbaji wala ubeti wa utangulizi. Tarumbeta ya Billy Butterfield inaifungua melodia mara moja, laini na pana, na chini yake besi na ngoma zinatembea bila kusitasita. Mbele zaidi anaingia Shaw mwenyewe na klarineti, na Jack Jenney anapata vipimo vichache (kipimo kimoja ni mapigo manne) vya tromboni ambavyo wapigaji wa ala hiyo wanaviheshimu hadi leo. Yote kwa muda wa dakika tatu na nusu hivi.

Tulirudi bustanini na mzee. Safari hii sikumwambia asikilize muziki, nilimwambia apige kofi pamoja na besi. Alipolipata, nikamwomba akanyage mara moja kwa kila makofi mawili. Ndiyo njia ninayoitumia kwa swing karibu yote: mapigo yake ni ya haraka mno kwa mwendo wa heshima, lakini ukikanyaga moja na kuruka moja, unapata hatua tulivu huku muziki ukibaki na uhai. Mkongojo ukashuka na pigo, mguu ukafuata, binti akiwa sambamba. Walifika mbele na tromboni ikiwa bado haijaingia. Mzee akageuka akatazama alikotoka, urefu wote wa ile njia, akasema, "Tena."

Tukarudia mara tatu, kwa ombi lake.

Lakini binti alikuwa na huzuni ambayo sikuwa nimeitatua. Wimbo ni ule ule, sawa, ila sauti ya babu haikuwamo. Babu hakuwahi kumpigia Artie Shaw. Suluhisho lilitoka kwa bwana harusi, na nalitaja kwa sababu mimi sikuliona. Alisema: bibi, mjane wa babu, ndiye anayeingia mwisho kabla ya bibi harusi, si ndiyo? Basi Nat amsindikize yeye. Bibi hatembei kwa mapigo, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Na wimbo wa mtu anayekumbuka penzi lake, kwa mjane aliyeishi na mume wake hadi uzeeni, hauna haja ya kutetewa.

Bibi harusi alilia hapo, kilio cha kukubali. "Stardust" mbili mfululizo basi, 1957 kisha 1940. Kwa kanuni yangu ya kupanga sauti hiyo ni kurudi nyuma, kutoka rekodi safi kwenda yenye vumbi. Nilivunja kanuni. Niliacha kimya cha sekunde kumi hivi kati yake, wageni wasimame, masikio yatulie.

Karatasi ya nyimbo 32

Orodha ya bwana harusi tuliipepeta kwa njia moja: alizisoma nyimbo kwa sauti, maneno matupu, bila muziki. Ni zoezi gumu kwa mpenzi wa jazi. Sauti ya Billie Holiday inaweza kukufanya uyapokee maneno yoyote kama baraka. Ukiyasoma makavu, "I'll Be Seeing You", aliyoirekodi 1944 wakati wa vita, ni mtu anayemwona mpenzi wake kila mahali kwa sababu hayupo. "They Can't Take That Away from Me" ya ndugu wawili Gershwin, 1937, inaorodhesha mambo matamu ya watu ambao huenda wasikutane tena. "My Funny Valentine" ya mwaka huo huo inamtania mpenzi kwa sura yake na umbo lake kabla ya kumwomba asibadilike. Anayejua mapenzi anaielewa, ila sikupenda ipigwe mbele ya mashangazi wa pande mbili wanaotazamana kwa mara ya kwanza. "Body and Soul" ni mtu anayejitoa mwili na roho kwa asiyemtaka. Kati ya 32, tuliziondoa 11 kwa sababu ya maneno peke yake.

Moja tulibishania kwa dhati. Alikuwa ameweka "Love for Sale" ya Cole Porter, 1930, kwa ala tupu, kwa ajili ya wageni wanapowasili. Melodia yake inavutia sana, sikatai. Lakini wimbo ule ni sauti ya mwanamke anayeuza mwili wake barabarani, na redio za wakati ule zilikataa kuyarusha maneno yake. Akaniuliza swali la haki kabisa: kama "Stardust" ya Shaw inaruhusiwa kwa kuwa haina maneno, kwa nini hii isiruhusiwe?

Nilifikiri usiku mzima kabla ya kumjibu. Wimbo maarufu hauachi maneno yake nyuma hata ukipigwa kwa tarumbeta. Anayeyajua anayasikia kichwani. Hivyo swali langu likawa je, anayeyajua atajisikiaje? Anayeyajua maneno ya "Stardust" atasikia kumbukumbu yenye upendo, na familia hii ina sababu yake ya kuikumbuka. Anayejua "Love for Sale" atajiuliza nani kaiweka na kwa maana gani. Alinielewa. Aliihamishia kwenye muziki wa usiku, ambako si kazi yangu.

Kilichobaki kilitosha sana. "Cheek to Cheek" ya Irving Berlin kwa sauti za Ella na Louis, 1956, karibu dakika sita, Oscar Peterson kwenye piano: ukiwa na wageni wanaochelewa, huo ni wimbo wa kukuokoa. "The Way You Look Tonight" ya Jerome Kern na Dorothy Fields, 1936. "On the Sunny Side of the Street". "Our Love Is Here to Stay" kwa Ella na Louis, ambayo bwana harusi aliiogopa kidogo aliposoma kwamba ni wimbo wa mwisho wa George Gershwin, aliyefariki Julai 1937 akiwa na miaka 38, na kwamba kaka yake Ira aliyaandika maneno baada ya kifo. Alihofia mkosi. Mimi naona ni kinyume kabisa: mtu aliyetoka kumzika mdogo wake akaandika kwamba milima inaweza kubomoka na upendo ukabaki, sijui ni maneno gani yenye uzito kuliko hayo kwa watu wanaoweka ahadi. Tuliuweka wa mwisho kabla ya bibi kuingia.

Kutia saini

Hapa nitapita haraka. Kutia saini pamoja na mashahidi na picha huchukua kama dakika saba. Santuri za kale za inchi 10, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu hivi kila upande, ndiyo maana rekodi nyingi za kabla ya vita zina urefu huo. Kwa hiyo dakika saba ni nyimbo tatu, na mapengo mawili ambayo lazima yapangwe, la sivyo kila mtu anasikia kimya na kudhani mambo yamekwisha.

Nilichagua Django Reinhardt wa gitaa na Stéphane Grappelli wa fidla na kundi lao, Quintette du Hot Club de France, lililoanzishwa Paris 1934. Magitaa, fidla na besi, hakuna ngoma wala tarumbeta, hivyo mfungishaji ndoa anaweza kusema "tia saini hapa" na akasikika. Bwana harusi aliomba "Nuages" na akashangaa kukuta klarineti badala ya fidla. Rekodi ya 1940 iko hivyo: vita vilipoanza Grappelli alibaki Uingereza, na Reinhardt akarudi Paris akatafuta mwenza mwingine. Ina pia ngoma, lakini zimenyamaza kiasi cha kutosumbua. Tukaibakiza.

Kuhusu mafaili

Mwenye kupanga muziki wa namna hii asitegemee jina la wimbo kwenye programu ya simu. Glenn Miller alipotea na ndege mnamo Desemba 1944, lakini tangu 1956 ipo okestra inayoendelea kupiga kwa jina lake. Ukitafuta "In the Mood" unaletewa ya 1939, za miaka iliyofuata, na za bendi zisizomhusu, zote zikiwa na picha ya miwani yake. Mwendo unatofautiana, urefu unatofautiana. Mzee kafanya mazoezi na rekodi moja, siku yenyewe inapigwa nyingine, na mguu unabaki hewani tena. Mafaili yetu yaliwekwa kwenye kompyuta ya fundi, yakapewa namba, na yeye akazima ule mpangilio unaoziyeyusha nyimbo mbili ziingiane.

Kingine ni spika. Rekodi za zamani hazina besi nyingi, na sauti zake za juu zinachoma masikio kwenye spika zilizorekebishwa kwa muziki wa sasa. Fundi alipunguza sauti za juu, akaongeza kidogo zile za kati, na spika zote mbili zikatoa kitu kimoja. Alifanya kazi hiyo kwa nusu saa bila kuongea, na alipomaliza tarumbeta ya Butterfield ilisikika hadi langoni bila kumkera aliyekaa mbele.

Siku yenyewe

Mambo mawili hayakwenda kama tulivyopanga.

La kwanza, mzee alisimama katikati ya njia. Mkongojo uliteleza, akaushika vizuri, akavuta pumzi. Sekunde nane, labda kumi. Sikugusa kitu. Bendi ya Shaw iliendelea kutembea, na alipokuwa tayari alisubiri pigo, akalikanyaga, wakaendelea. Wageni wengi nadhani waliona kituo kilichokusudiwa. Klarineti ilikuwa inaimba walipofika. Fundi alianza kuteremsha sauti kipande cha melodia kilipofungwa, maana wimbo huu umejengwa kwa vipande vinne vya vipimo vinane, na ukizima mwishoni mwa kipande sikio linapokea kama mwisho halali.

La pili lilikuwa kutoka. Tulikuwa tumeshindana kati ya "Take the 'A' Train" ya Ellington, 1941, na "In the Mood". Ya kwanza inaanza na vipimo vinne vya piano, ambavyo vingemezwa na makofi ya wageni, na wawili hao wasingejua muziki umeanza. Ya Miller inaanza na saksafoni zikiwa tayari zinakimbia. Ikashinda. Hatari yake iko mwishoni: kile kipande kinachojirudia kinashuka, kinashuka tena hadi unadhani kimekwisha, halafu bendi nzima inalipuka. Mpango wangu ulikuwa kuizima mapema, wawili hao wakishavuka lango.

Hawakuvuka. Walisimamishwa na kila kiti. Muziki ukafika kwenye kushuka kule wakiwa bado nusu ya njia, sauti ikazidi kuwa ndogo, na bustani yote ikatulia pamoja nayo. Mkono wa fundi ulikuwa kwenye swichi, akanitazama. Nikamwambia acha. Bwana harusi, ambaye rekodi hiyo anaijua kama jina lake, aliinua kidole kimoja juu, akamshika mkewe kiunoni, akasubiri. Tarumbeta zilipolipuka walikuwa wameshaanza kukimbia.

Bado sijasema kuhusu bibi. Aliingia kabla ya hayo yote, anasukumwa na mjukuu wake wa kiume, na Nat King Cole akiimba ule ubeti usio na mapigo. Nilikuwa nimesimama kando ya spika, hatua chache tu kutoka kwake. Midomo yake ilikuwa inasogea na wimbo, neno kwa neno. Tulipokaribia mahali pa mkwaruzo, midomo iliruka mbele kama ilivyozoea, na Nat hakuruka. Bibi akabaki ametangulia. Akanyamaza, akainua mkono kidogo kutoka kwenye paja, akasikiliza ule mstari unaosema mpenzi alivyokwenda mbali na kuacha nyuma wimbo.

Baadaye, watu wakipiga picha, aliniita. "Mwanangu, ndiye wewe uliyeweka muziki?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Pale palipokuwa panaruka, leo pamepita."

Nikamweleza kwamba tulitumia nakala isiyo na mkwaruzo. Alitikisa kichwa polepole, bado anaitazama ile njia ya nyasi.

"Kumbe hapo pana maneno," akasema.